Mbao za muda kwenye jengo la kijani: marini bodi ya kufungia zege huanza kuhesabika lini?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya swali dogo lililoulizwa wiki iliyopita kwenye kikao cha saiti huku Njiro, ambalo lilikula saa nzima na bado watu walitoka bila kukubaliana. Jengo letu ni la ofisi, lina ghorofa 4, na mteja anataka cheti cha LEED (mfumo wa Marekani wa kuthibitisha majengo ya kijani) toleo la 4. Mimi ndiye ninayetunza majalada ya vifaa, maana yake kila ndoo ya rangi, kila mkebe wa gundi na kila ubao unaoingia lazima niwe na karatasi yake. Siku hiyo mshauri elekezi alipita ghorofa ya 2, akagusa rundo la marini bodi nyeusi, yaani plaivudi zilizotoka kufungia slabu, akauliza karatasi zake ziko wapi. Msimamizi akamjibu kwamba hizo ni za muda na hazihesabiki. Mshauri hakubisha, alitembea hatua 20 hivi hadi kwenye stoo ya umeme, akatuonyesha rafu. Zilikuwa zimetengenezwa kwa bodi zilezile, ubavuni bado zina uji wa zege uliokauka.

Kwa upande wa kanuni, msimamizi hakukosea. Kipengele cha LEED kinachohusu vifaa vinavyotoa gesi kidogo kinahusu vitu vilivyomo ndani ya jengo, na toleo la 4 linaeleza kwamba ndani ya jengo ni kila kilichopo upande wa ndani wa tabaka la kuzuia maji. Hesabu yake imejengwa juu ya bidhaa zinazofungwa zikabaki. Mbao za kugandishwa kwa gundi, yaani plaivudi, chipbodi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa) na jamaa zao, zinatakiwa kuwa na uthibitisho kwamba zimetengenezwa kwa gundi isiyoongezwa formaldehidi (gesi inayowasha macho na kudhuru afya), au kwa gundi inayoachia formaldehidi kwa kiwango cha chini kabisa kwa mujibu wa kanuni ya Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake, CARB. Toleo la 2009 lilikuwa kali kwa namna nyingine, kwa kuwa lilikataza moja kwa moja gundi ya urea-formaldehidi iliyoongezwa. Toleo la 4 liliacha kuuliza jina la gundi na kuanza kuuliza gesi inayotoka ni kiasi gani.

Kwa hiyo bodi iliyobeba zege la slabu siku zake zote, ikavuliwa, ikapakiwa kwenye lori na kuondoka, haiingii kwenye hesabu hiyo. Hakuna mtu atakayeivuta gesi yake akiwa mezani mwaka 1 baadaye. Tatizo ni kwamba kwetu bodi haiondoki. Ubao uliomaliza kazi ya zege unakuwa rafu, unakuwa mgongo wa kabati la jikoni la wafanyakazi, unakuwa kipande kinachojazwa nyuma ya jipsam bodi ili televisheni ipate pa kushikilia, unakuwa mlango wa stoo. Hakuna mchoro uliochorwa kwa ajili ya safari hiyo wala karatasi ya ununuzi, kwa sababu ubao ulikwisha nunuliwa miezi 5 nyuma kwa kazi nyingine.

Msimamo wangu ni kwamba neno «muda» si sifa ya ubao. Ubao ni wa muda iwapo kuna mtu aliyepewa kazi ya kuutoa na siku ya kuutoa. Ukikosa hayo mawili, uhesabu kuwa umebaki, na uutafutie karatasi tangu siku unanunuliwa. Naomba michango, hasa ya waliowahi kupeleka maombi ya cheti wakarudishiwa maswali.

Msimamizi wa saiti (Sakina)

Mkuu, nakubaliana na hoja ila nataka tushuke kwenye hali halisi. Ukienda dukani pale mjini Arusha ukaomba marini bodi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, unapewa ya uso mweusi au ya uso wa kahawia, na muuzaji anachokijua ni unene, bei na kwamba «hii ni ngumu, hii ni laini». Nyingine zina mhuri ubavuni, nyingine hazina kitu. Karatasi ya CARB ninaitoa wapi kwa bodi ambayo hata jina la kiwanda haina? Halafu mafundi wanasema bodi zote ni moja. Je, kuna namna ya kuitambua kwa macho?

Jambo la pili, tunazungumzia gesi ya gundi wakati bodi hizo zimepakwa oili chafu ya magari ili zisishikane na zege. Mimi ningeogopa hiyo kwanza.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Maswali yote mawili yanastahili jibu refu, naomba mnivumilie.

Gundi za plaivudi tunazokutana nazo ni za aina 3 hivi. Urea-formaldehidi ni rahisi kwa bei na haina rangi, lakini kifungo chake cha kikemia huvunjwa na maji na joto, na kila kinapovunjika formaldehidi huachiwa upya. Ndiyo maana bodi ya aina hiyo huendelea kutoa gesi kwa miaka, na hutoa zaidi kipindi cha joto na unyevu. Melamini ikichanganywa humo inaiongezea ustahimilivu. Fenoli-formaldehidi ni imara zaidi, ikishakauka haivunjwi na maji kirahisi, na gesi inayotoka ni ndogo sana. Ndiyo gundi iliyokusudiwa kwa bodi za nje na za kufungia zege.

Kwa macho, kata kipande kidogo uangalie mistari ya gundi katikati ya matabaka. Gundi ya fenoli huonekana ya kahawia iliyokolea au nyekundu nyeusi, wakati urea na melamini huwa nyeupe au hazionekani kabisa. Msidanganywe na uso. Ule weusi wa juu ni karatasi iliyolowekwa fenoli ikagandishwa usoni, na bodi inaweza kuwa na uso wa fenoli na tumbo la urea. Mafundi wengine huchemsha kipande kwenye sufuria kwa saa kadhaa: cha urea huachana matabaka, cha fenoli hubaki kimoja. Jaribio hilo ni zuri kwa mtu anayetaka kujua kama bodi itavumilia slabu 3 au 8, ila halipimi gesi. Hakuna mkaguzi wa cheti atakayepokea picha ya sufuria.

Anachopokea ni karatasi ya kiwanda au mhuri. Viwango vya CARB vya awamu ya 2 ni sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaivudi ya mbao ngumu, 0.09 kwa chipbodi, 0.11 kwa MDF na 0.13 kwa MDF nyembamba, vikipimwa ndani ya chumba maalumu cha maabara. Marekani nzima ilikuja kufuata viwango hivyohivyo kupitia sheria ya 2010, na tangu Machi 2019 bidhaa zinazoingizwa huko hubandikwa alama ya TSCA Title VI, yaani sehemu ya sheria yao ya kemikali inayobeba viwango hivyo. Ukiiona alama hiyo kwenye bodi iliyofika Arusha, hapo una mahali pa kuanzia. Lakini angalia: LEED toleo la 4 linataka daraja la juu kuliko awamu ya 2 ya kawaida, kwa hiyo alama peke yake haitoshi, na mhuri wa Ulaya wa E1, wa bodi zinazotoa formaldehidi kidogo, nao hautoshi, maana vipimo vyao havifanani. Ongezea kwamba kanuni ya CARB yenyewe haigusi plaivudi ya kimuundo iliyothibitishwa kuwa hivyo, kwa sababu hiyo hutumia gundi za fenoli. Bodi ya dukani isiyo na cheti chochote haiwezi kujificha nyuma ya msamaha huo.

Kuhusu oili chafu, nakuunga mkono kabisa. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi na metali, inaingia kwenye nyuzi za ubao kupitia kingo zilizokatwa, na bodi hiyo ikigeuzwa rafu hakuna rangi itakayoshika vizuri juu yake. Inatia doa hata zege lenyewe. Plasta ikija kupigwa juu yake inabanduka, na tunawalaumu wapiga plasta. Yapo mafuta ya kuvulia zege yanayotokana na mimea, na hata mafuta safi ya madini yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni nafuu kuliko lawama. Kwenye saiti yetu tumeandika kwamba ubao wowote ulioguswa na oili chafu hauingii ndani ya jengo kwa kazi nyingine yoyote, hata uwe na karatasi ya dhahabu.

Seremala (Moshi)

Vijana, nimewasoma. Mimi nipo kwenye useremala tangu mbao za podo zikiwa kitu cha kawaida, na nimetengeneza kabati nyingi kwa marini bodi zilizotoka kwenye zege. Nazisafisha, nazipiga randa kingo, nabandika formika, zinakaa. Harufu ninayoijua mimi ni ya MDF mpya, ile inayochoma macho ukipasua kwa msumeno. Marini bodi iliyopigwa jua na mvua miezi 3 haina harufu yoyote. Sasa mnataka tuzitupe, twende tukanunue nyingine mpya, halafu jengo liitwe la kijani? Nielewesheni hapo, maana kwangu kutumia ubao mara ya pili ndiyo ukijani wenyewe.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Shikamoo mzee. Hoja yako ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu, na sitaki kuikwepa.

Ni kweli harufu inapungua. Formaldehidi iliyobaki huru ndani ya bodi baada ya kiwandani hutoka kwa wingi miezi ya mwanzo, kisha inashuka. Lakini kwa bodi ya urea ile inayozaliwa upya kutokana na unyevu inaendelea, na pua haiaminiki kwa kazi hii: kwa wengi wetu pua huanza kuisikia ikiwa tayari imepita kiwango ambacho LEED toleo la 4 linakikubali kwenye hewa ya jengo lililokamilika, ambacho ni sehemu 27 kwa bilioni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehidi katika kundi la 1 mwaka 2004, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo kutosikia harufu hakutupi ruhusa. Formika uliyobandika inasaidia sana, kwa sababu inaziba uso. Mahali panapovuja ni kingo zilizokatwa na matundu ya skurubu na bawaba, na mgongo wa kabati ambao mara nyingi tunauacha wazi kwa kuwa unaelekea ukutani.

Kuhusu kutumia tena, LEED wenyewe wako upande wako, ila wameweka mpaka. Useremala wa zamani uliookolewa na kutumika tena hukubaliwa bila karatasi za gesi endapo una zaidi ya mwaka 1 jengo linapoanza kukaliwa, mradi rangi, vanishi na gundi mpya zinazopakwa juu yake zitimize masharti. Mlango wa mvule uliotolewa kwenye nyumba ya zamani pale Moshi mjini unapita bila swali. Bodi iliyonunuliwa Februari, ikafungia zege Machi na ikawa rafu Juni haina sifa hiyo, kwa sababu bado ni mpya na haikuwahi kuwa sehemu ya jengo lolote. Mbao za kupasua, zisizo na gundi wala dawa, ndizo zinazotuletea usumbufu mdogo kuliko zote, na kwenye misindano na saiprasi za huku Kaskazini zinapatikana. Rafu za stoo ya umeme tumezirudia kwa mbao za saiprasi. Fundi alicheka akasema tungemwambia mapema asingehangaika kusafisha zege.

Mkadiriaji majenzi (Arusha)

Ndugu mtoa mada, umegusa upande wa hewa, naomba niongeze upande wa vitabu, kwa sababu hapo ndipo bodi hii inapokuwa kinyonga.

Bodi ileile ya muda isiyohesabika kwenye kipengele cha gesi, inahesabika kwenye kipengele cha taka za ujenzi. Toleo la 4 linakutaka uelekeze kwingine, badala ya dampo, asilimia 50 ya taka kwa mikondo 3 ya vifaa (yaani aina 3 zinazotenganishwa), au asilimia 75 kwa mikondo 4. Vinginevyo uzalishe taka zisizozidi kilo 12.2 kwa kila mita ya mraba ya jengo. Mbao za kufungia zege ni sehemu nzito ya mzani huo. Kwa hiyo mkandarasi anaposema «tumezitumia tena ndani ya jengo» anapata sifa kwenye daftari la taka, na papo hapo anajifungulia deni kwenye daftari la gesi, kwa sababu zimebaki ndani ya tabaka la kuzuia maji. Nimeona jalada la mradi mmoja likirudishwa kwa sababu hiyohiyo: ukurasa wa taka unasema bodi zimegeuzwa samani za ndani, ukurasa wa vifaa hauna bodi hata moja. Aliyekagua alisoma kurasa zote mbili, jambo ambalo sisi wenyewe hatukulifanya.

Katika toleo la 2009, kipengele cha mbao zenye cheti cha usimamizi bora wa misitu kiliandika wazi kuhusu mbao za muda: mbao za kufungia zege, za kuegemezea, za majukwaa na za uzio unaweza kuziingiza kwenye hesabu ukitaka, lakini ukiingiza baadhi lazima uingize zote, na zilizonunuliwa kwa miradi kadhaa zihesabiwe kwenye mradi mmoja tu. Watu wengi waliosoma sheria ile wakadhani hiari hiyo inahusu kila kipengele. Hiari ilikuwa ya asili ya mbao, haikuwa ya gesi. Wanaochanganya mambo haya mawili wapo hadi leo, na wengine ni washauri wanaolipwa vizuri.

Ushauri wangu wa mkataba ni mfupi. Kwenye mchanganuo wa gharama, weka kuondoa mbao za muda kama kazi yenye bei yake, isimezwe ndani ya bei ya zege. Kazi isiyo na bei haina mwenyewe.

Meneja wa hoteli (Moshi)

Naomba kuuliza swali la kando kidogo. Sisi hatujengi upya, tunakarabati ghorofa moja huku wageni wakiendelea kulala ghorofa za chini, maana msimu wa wapanda mlima hauwezi kusubiri. Mkandarasi ametuwekea ukuta wa muda wa MDF kwenye korido ili kuzuia vumbi, na amesema utakaa wiki 6. Januari na Februari Moshi joto mnalijua. Wageni 2 wamelalamika macho kuwasha. Hatuombi LEED, tulikuwa tunafikiria cheti kingine cha majengo ya kijani, EDGE. Je, hili linatuhusu?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Dada, EDGE haitakusaidia hapa, kwa kuwa vipimo vyake ni nishati, maji na athari iliyofichwa ndani ya vifaa, kila kimoja kikitakiwa kupunguzwa kwa asilimia 20 dhidi ya jengo la kawaida la hapo ulipo. Haiulizi gesi ya MDF. Swali lako lakini ni zito kuliko la rafu zetu, kwa sababu sisi jengo ni tupu na ninyi mna watu wamelala.

Hapa ndipo kanuni za vyeti zinapotuacha njiani. Zinauliza kitu kitabaki au hakitabaki, wakati mapafu yanauliza kitu kipo sasa au hakipo. Mfano mkubwa kabisa wa mbao za muda kuumiza watu ulitokea Marekani baada ya kimbunga Katrina cha 2005. Serikali iliwapa waliopoteza nyumba matrela ya kuishi kwa muda, yaliyojaa plaivudi nyembamba na chipbodi ndani ya nafasi ndogo isiyopitisha hewa vizuri, kwenye joto na unyevu wa pwani ya kusini. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha huko kilipopima matrela na nyumba hizo 519 kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, wastani ulikuwa sehemu 77 kwa bilioni, na hiyo ilikuwa majira ya baridi, karibu miaka 2 baada ya wengi kuhamia. Linganisha na ile 27 niliyoitaja juu. Makazi yaliitwa ya muda, watu walikaa humo miaka.

Kwako ningeomba ukuta huo ubadilishwe wiki hii: fremu ya chuma au mbao za kupasua, kisha jipsam bodi au turubai zito la nailoni, viungo vibandikwe utepe, na feni ivute hewa kutoka upande wa kazi kwenda nje ili vumbi na gesi visisukumwe kwenye korido ya wageni. Kama lazima MDF ibaki siku chache, zibeni kingo zote zilizokatwa kwa rangi ya maji na mfungue madirisha ya mwisho wa korido. Mwongozo wa SMACNA (chama cha Marekani cha wakandarasi wa mabati na mifereji ya hewa) wa mwaka 2007, ambao LEED toleo la 4 inautumia kwa hewa wakati wa ujenzi, umeandikwa hasa kwa majengo yenye watu ndani, ingawa sisi huutumia zaidi kwenye majengo matupu.

Ninyi mna wafanyakazi pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haibagui ubao wa muda na wa kudumu.

Msimamizi wa saiti (Sakina)

Mimi nilidhani yote haya yanafutwa na ile kazi ya kupuliza hewa mwishoni. Si kuna utaratibu wa kulisafisha jengo kwa hewa kabla watu hawajaingia?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Upo, na fanya hesabu yake kabla hujauegemea. Toleo la 4 linataka mita za ujazo 4,267 za hewa ya nje kwa kila mita 1 ya mraba ya sakafu, joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 15 na unyevu usizidi asilimia 60. Chukua sakafu ya mita za mraba 1,000: hiyo ni hewa ya mita za ujazo zaidi ya milioni 4.2. Ukiwa na feni zinazosukuma mita za ujazo 2 kwa sekunde, utaziendesha mchana na usiku kwa karibu siku 25. Jengo letu la Njiro linategemea madirisha, halina mtambo mkubwa wa hewa, kwa hiyo feni zote zingekuwa za kukodi na umeme wa kulipia. Halafu umefika Aprili, mvua za masika zinanyesha, unyevu wa nje umepanda. Ile asilimia 60 utaipata wapi?

Na hata ukifaulu, unapuliza gesi iliyokwisha kutoka. Bodi ya urea iliyobaki nyuma ya jipsam itaendelea na kazi yake feni zikizimwa.

Mbunifu majengo (Moshi)

Nimefuatilia kimya, nichangie jambo moja ambalo halijaguswa. Mirunda. Tumezungumza kuhusu bodi kana kwamba ndiyo mbao pekee ya muda, ilhali slabu zetu zinashikiliwa na msitu mzima wa mirunda ya mikaratusi. Kwa gesi haina neno, ni miti mitupu. Lakini mifumo mingine ya vyeti inauliza swali tofauti. BREEAM, mfumo wa Uingereza, kwa miradi ya kimataifa huweka sharti kwamba mbao zote za mradi ziwe zimevunwa na kuuzwa kihalali, na humo imo mbao ya kufungia zege, ya uzio wa saiti na ya majukwaa. Hapo umuda hauokoi mtu. Kwa hiyo mwenye mradi wa aina hiyo asiache hati ya kusafirishia mazao ya misitu ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na stakabadhi ya EFD zipotelee kwa dereva wa lori. Zikipotea, mirunda iliyokwisha kuondoka saiti miezi 4 iliyopita inakuwa pengo kwenye jalada, na huwezi kuirudisha ikakaguliwe.

Pia tuangalie zinakokwenda. Saiti nyingi vipande huchukuliwa na mama ntilie kwa kuni. Mrunda mkavu hauna shida. Kipande cha marini bodi chenye oili, au cha mbao ya paa iliyotiwa dawa ya rangi ya kijani, kikiwekwa jikoni chini ya sufuria ya ugali wa watu 40, ni habari nyingine, kwa sababu dawa nyingi za namna hiyo zina shaba, kromi na aseniki, na moto hauziui. Sijaona mfumo wa cheti unaomuuliza mkandarasi kuhusu jiko hilo.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Mbunifu, nakushukuru, tulikuwa tunawapa mabaki bila kuchambua, na tulijiona wakarimu. Jumatatu tumetenga marundo mawili, na la mirunda pekee ndilo linaloruhusiwa kwenda jikoni.

Nitoe mrejesho wa saiti. Tumekubaliana na mkandarasi mambo ambayo hayahitaji mtaalamu. Kila bodi ya kufungia zege inapigwa mstari mwekundu wa rangi kwenye kingo zote 4 kabla haijapanda ghorofani, ili hata ikikatwa vipande, angalau kipande cha pembeni kijisemee. Daftari la lango linaandika zilizoingia na zilizotoka kwa idadi. Anayetaka kuutumia ubao ndani ya jengo kwa kazi yoyote inayobaki anaandika kwangu kwanza, nami namtafutia mbao ya kupasua au bodi yenye karatasi. Na kabla jipsam haijafunga ukuta, mtu mmoja anapita na simu kupiga picha za ndani ya ukuta, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayejua kilichojazwa humo.

Tulinunua bodi 140. Hesabu ya leo asubuhi: 61 zimekwenda mradi mwingine, 38 ziko uani, 22 bado ziko chini ya slabu ya juu, 14 zimekatika na zimepimwa kwenye daftari la taka. Hiyo ni 135. Tano tunazitafuta.

Seremala (Moshi)

Hizo tano ziko nyuma ya jipsam, mwanangu, usijisumbue kuzitafuta uani. Anza ukuta utakaobeba televisheni.

Zile 38 naomba nizinunue mimi. Nina banda la kuku linalohitaji ukuta wa kuzuia upepo huku Kibosho. Mstari mwekundu nitauacha ulivyo, na jikoni hazitaingia.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Mzee, karibu Jumamosi na gari lako. Utasaini daftari la lango. Na tumebandua ukuta wa televisheni mchana huu. Zilikuwa mbili. Tatu bado.